Naomba ushauri: mchapuko nimweleweshe vipi mdogo wangu?

Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, nakaa na mdogo wangu wa kidato cha pili, fizikia ya mwendo inamsumbua. Velositi kashika, hata kwamba ina mwelekeo. Treni ya SGR ikienda kilomita 160 kwa saa, anajua ni kama mita 44 kwa sekunde. Ila anaona ikitulia kwenye 160 basi na mchapuko (yaani kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde) ni mkubwa, maana "inakimbia sana". Nikamwambia kama reli imenyooka na kasi haibadiliki, mchapuko ni sifuri. Ulikuwepo ilipokuwa inaondoka stesheni. Hapo kidogo akakubali.

Kilichomshinda kabisa ni jiwe linalorushwa juu. Kileleni velositi ni sifuri, lakini mchapuko bado ni mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini. Anauliza: "Kitu kimesimama, mchapuko unatoka wapi?" Swali zuri kweli, na sitaki akariri tu apite mtihani.

Walimu na mliosoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hili mnalielezaje? Nianze na grafu ya velositi na muda, au kuna jaribio la kufanya hapa uani? Vifaa tulivyonavyo ni simu na futi kamba.