Usonji, viungo vinavyopinda kupita kiasi na maumivu yasiyoisha: tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Binti yangu ana usonji (autism), yuko darasa la tano, vidole vyake vinapinda nyuma mpaka wenzake humuomba awaonyeshe. Sasa magoti na viwiko vinamuuma kila siku, akiandika nusu ukurasa tu anaanza kukung'uta mkono. Tumepima malaria, taifodi, baridi yabisi, vyote safi, mwisho nikaambiwa eti anakwepa homuweki!! Juzi mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) kamkunja vidole vidogo, vidole gumba, viwiko, magoti, kamwinamisha viganja vikagusa sakafu, kumbe ni kipimo cha ulegevu wa viungo, kinaitwa Beighton, jumla alama 9, wangu kapata 8. Akasema usonji na viungo legevu mara nyingi vinaongozana. Kuna mwenzangu humu?

Dada Tabata: Mimi hapa, ni mtu mzima na usonji wangu nimejua ukubwani. Bega linachomoka nikivuta mlango mgumu wa daladala. Shida yangu sura haionyeshi, namwambia daktari naumwa sana ananijibu mbona uko kawaida, sasa nilie ndo aamini? Hapo ndo panaponichosha kuliko hata bega.

Mzee wa Data: Poleni. Jessica Eccles na wenzake kule Brighton, Uingereza, walitoa utafiti 2022, watu wazima wenye usonji, ADHD (shida ya kutulia na kumakinika) au Tourette (mwili kushtuka au kutoa sauti bila kukusudia), 51% walikuwa na viungo legevu, watu wengine ni kama 20%. Na huo ulegevu ndo ulionekana kuunganisha na maumivu, pamoja na kizunguzungu cha kusimama ghafla. Ila msikimbilie kusema kila mwenye viungo legevu ana usonji jamani, sista wangu anapinda kama mpira na haumwi popote.

Baba Juniya: Wangu haongei sana, akiumwa anang'ata mkono na kugoma kula, sisi tukaita utundu. Siku hizi namchorea mtu kwenye karatasi nampa kalamu nyekundu, anapaka goti, basi nimeelewa. Fiziotherapia walikataa kumnyoosha zaidi, wanataka misuli iwe na nguvu ishike viungo, mazoezi ya polepole, kalamu nene, na shuleni apumzike bila kuomba omba.

Mama wa Mkoani: Mnawapata wapi hao wa fiziotherapia? Huku ukisema viungo vimelegea unaandikiwa kalsiamu, unarudi nyumbani bibi anakwambia mtoto anakua huyo.

Mwanzisha uzi: Pole mama, hata mimi bibi alisema hivyohivyo 😅 Jaribu hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia idara ya fiziotherapia yenyewe, wakitaka rufaa omba uandikiwe. Nenda na video ya vidole vikipinda, na uwe umeandika wiki nzima anaumwa wapi na baada ya kufanya nini, maana mle ndani mtoto ananyamaza kimya. Na useme mapema ana usonji, wasimshikeshike ghafla.