Mjadala: Dayosisi ya Zanzibar irudi kwa Tanga, au tubaki peke yetu?

MZALIA WA MKUNAZINI
Jamani, naleta swali ambalo watu hulinong'ona wakitoka ibadani. Tangu Dar es Salaam ijitoe 1965, sisi Waanglikana wa Zanzibar na Tanga tulikuwa dayosisi moja, askofu anakaa Korogwe. Mwaka 2001 tukaachana. Waumini wetu Unguja na Pemba ni wachache, kapu la sadaka jepesi, kanisa kuu la Mkunazini linasaidiwa na viingilio vya watalii. Mie nasema turudi. Hivi tulivyo tumesimama kichwa chini, kama zile nguzo za nyuma kanisani ambazo mafundi wa Askofu Steere, aliyelijenga, walizigeuza kwa kutojua.

MJUKUU WA MBWENI
Kwa kutojua? Hebu rudia. Hao usiowajua wewe ndio waliochoma chokaa, wakabeba matumbawe, wakainua kuta pale pale watu walipokuwa wakiuzwa mpaka Juni 1873, Seyyid Barghash alipolifunga soko. Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikasomwa. Miaka minne! Leo mtu anajenga choo mwaka mzima, masika ya kwanza kimepasuka. Nyumbani kwetu Mbweni, kijiji cha watumwa walioachwa huru, kuna kipande, ule mti wa kupigia sakafu. Mpini umeng'aa kwa jasho, upande mmoja umelika kama kisigino cha kiatu. Bibi alikuwa haturuhusu hata kukigusa. Leo unakuja kumtukania wazee wake.

MZALIA WA MKUNAZINI
Bi mkubwa, ule ulikuwa mfano tu. Turudi kwenye Tanga.

MTEMBEZA WAGENI
Mie Muislamu wa Ng'ambo, lakini kanisa hilo nalijua kuliko wengi wenu, naingia mara tatu kwa siku. Nguzo zimegeuzwa kweli. Askofu alisafiri, mafundi hawajapata kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kinyume. Kwenye altare wageni wanalia, kwenye nguzo wanacheka. Na bakshishi, niseme ukweli, hutoka kwenye nguzo.

MJUKUU WA MBWENI
Kumbe ndiyo riziki yako. Wazee wetu walikuwa wa kuuzwa wakiwa hai, na sasa wakiwa kaburini.

MTU WA MUHEZA
Naomba nirudi kwenye mada. "Askofu anakaa Korogwe", mwasema kama kwamba Korogwe ni Ulaya. Dayosisi ya Zanzibar ilipoanza 1892 Magila, misheni ya huku kwetu Muheza, ilikuwamo. Askofu Weston wa Zanzibar, yule aliyewashtaki wenzake wa Uganda na Mombasa kwa uzushi baada ya mkutano wa madhehebu ya Kiprotestanti kule Kikuyu, Kenya, wa 1913, alifia kwetu Hegongo 1924. Wakati huo hapakuwa na "nyie" na "sie".

MPEMBA HALISI
Na Pemba tunatajwa kama chumvi, ya kukoleza sentensi. Unguja na Pemba, Unguja na Pemba, halafu hadithi nzima ni Mkunazini. Wakati misheni ya Waanglikana ilikuwa na shamba kubwa Banani...

KARANI MSTAAFU
Banani ilikuwa ya Wakweka, ndugu, dhehebu jingine linaloitwa pia Marafiki, 1897. Si UMCA, misheni yetu ya Waanglikana. Na nikishika kalamu nisahihishe na jingine: jiwe la msingi la Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, na Steere hakuwa askofu bado, uaskofu aliupata 1874. Halafu alisomea sheria, si ujenzi. Mwenye kazi akirudi safari akakuta nguzo imegeuka, si husema igeuzeni? Hakusema. Ama hakuona, ama aliona akanyamaza. Kwa nini lawama yote ishuke kwa kibarua?

MPEMBA HALISI
Haya, Wakweka. Lakini Pemba bado ni chumvi.

MTU WA MUHEZA
Steere msimguse! Aliyelala nyuma ya altare tangu 1882 hawezi kujitetea.

MJUKUU WA MBWENI
Na kibarua je, yeye anajitetea kutoka wapi? Steere ana kaburi kanisani. Mmetaja Steere, mmetaja Weston, sawa, lakini nani kamtaja Cecil Majaliwa? Mtoto wa Kiyao, akaibwa, akauzwa hapa hapa Unguja, na 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hii. Nyie wa uongozi hesabuni: kutoka hapo mpaka Yohana Jumaa kukalia kiti cha Zanzibar na Tanga, 1968, ni miaka 78. Hapo ndipo mtu angesema kitu kimewekwa kichwa chini.

KARANI MSTAAFU
Hilo nimelimeza bila maji.

MZALIA WA MKUNAZINI
Naona mmeniacha mlangoni. Je, turudi Tanga au la?

MTU WA MUHEZA
Kwa jinsi mnavyotusema, nani kawaambia tunawataka?

MTEMBEZA WAGENI
Bibi wa Mbweni, shikamoo. Usiku sikulala vizuri. Leo asubuhi nilikuwa na Wafaransa, nimefika kwenye nguzo nikapita kimya. Mmoja kitabu chake kimeandika habari zile, akaniuliza. Nikamwambia mwenye kazi alikuwa mwanasheria. Kacheka vile vile, na bakshishi katoa. Sasa naomba, hicho kipande uniazime nikaoneshe wageni, jioni nakirudisha.

MJUKUU WA MBWENI
Marahaba mwanangu. Kipande hakitoki nyumbani. Walete wao Mbweni, kahawa nitapika mwenyewe. Na bakshishi tutagawana nusu kwa nusu, usinifanyie ujanja wa Ng'ambo.