Huyu chura wa njano wa Australia, kwanini wasimrudishe tu porini?

Baba Nuru: Wadau, mwanangu kaja na kazi ya shule ya chura anaitwa corroboree, kadogo kama sentimita 3 hivi, mistari ya njano na nyeusi utadhani nyigu, yuko milima ya Kosciuszko Australia kule kwenye theluji. Nasoma hapa porini hawafiki hata 50, ila zuu za Sydney na Melbourne wanazaliana freshi tu. Sasa si wawamwage huko yaishe? Au kuna hela za wafadhili zinaliwa 😂

Kijiti: Kuzalisha ndo kazi rahisi mkuu. Kinachowamaliza ni fangasi wa ngozi anaitwa chytrid, na chura maji na chumvi anapitishia kwenye ngozi, ikiharibika mwili unavurugika mpaka moyo unasimama. Na huyo fangasi bado yupo kule kule, kuna chura mwingine wa kawaida tu anaishi naye sehemu moja, anambeba huyo fangasi na haumwi hata kidogo. Ukimwaga wapya ni sawa na kuhamia nyumba yenye kunguni bila kupuliza dawa. Tena huyu anachukua kama miaka 4 ndo aanze kuzaa, fangasi anamuwahi. Ndo maana wamewajengea mazizi ya uzio humo humo hifadhini, wale wabebaji wasiingie.

Baba Nuru: Uzio wa chura?? si anaruka

Mama Shamba: Haruki huyo, anatembea zake pole pole 😄 Mayai anataga nchi kavu, kwenye yale majani laini yanayoshika maji kama sponji, dume anabaki hapo analinda mpaka mvua ijaze maji viluwiluwi watoke. Sasa farasi mwitu wanakanyaga hapo hapo, na moto wa 2019/2020 ulifika mpaka kwenye baadhi ya hayo mazizi. Sio mchezo.

Mwana Kilombero: Mnaenda mbali, vyura wa kwetu wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, je? Bwawa la umeme lilipokata maji ya maporomoko, mwaka 2000 wakabebwa vyura 499 kwenda Marekani, 2009 vikatangazwa havipo tena porini, 2012 ndo vikaanza kurudishwa. Mpaka mabomba ya kunyunyizia maji wamefunga pale bondeni. Na fangasi ni huyo huyo.

Baba Nuru: Asanteni, nimeelewa. Kazi yenyewe kumbe ni kumchora tu, na kalamu ya njano imeisha.