Mtwara hadi Dar es Salaam kwa ndege: tupeane uzoefu wa umbali na muda

Ndugu zangu wa Kusini, anayeuliza muda wa ndege kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam hujibiwa kuwa ni kama saa moja, na jibu hilo ni sahihi, kwa kuwa umbali wa angani ni takriban kilomita 400, ilhali barabara ya kupitia Lindi, Nangurukuru na Daraja la Mkapa pale Rufiji hukaribia kilomita 560. Hata hivyo, saa hiyo ni ya angani tu. Ukijumlisha muda wa kuwahi uwanjani, kusubiri mizigo na foleni za Dar es Salaam, asubuhi nzima imekwisha. Naomba kila mmoja aeleze safari yake tangu alipotoka nyumbani.

Mkazi wa Lindi: Kwetu hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu anayekwenda kaskazini hulazimika kwanza kurudi kusini zaidi ya kilomita 100 ili apande ndege Mtwara, kisha apite angani sambamba na pwani ileile aliyoiacha. Nilipompeleka mama kliniki Muhimbili, wengi walinishauri tupande basi, wakisema tofauti ya muda si kubwa. Kwa kijana mwenye afya ningekubaliana nao. Lakini mama anaumwa nyonga na hawezi kukaa kitako kutwa nzima, na njiani hadi Mtwara tuliweza kusimama kila alipotaka kujinyoosha, jambo ambalo basi la abiria haliwezi kumfanyia. Kwa mgonjwa, nadhani muda wa kukaa bila kuinuka ndio wa kupimwa kwanza.

Mkazi wa Masasi: Sisi huamulia kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja, mkoani Lindi: kulia ni Mtwara kwenye ndege, kushoto ni Lindi na barabara ya Dar es Salaam. Nisipokuwa na haraka, hushika kushoto.

Mfanyabiashara, Mtwara mjini: Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara katika Wilaya ya Kilwa, ndipo nilipotambua thamani ya uwanja wetu wa ndege, kwani shehena yangu ilikwama lakini mimi niliweza kusafiri. Nawaomba pia wanaounganisha safari wawe waangalifu. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 670 angani, safari ya saa moja na dakika kadhaa, na kwenye karatasi mtu anaweza kutoka Mtwara asubuhi akafika Nairobi mchana. Mimi nilikata tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikachelewa, na ya pili ikaondoka bila mimi wala fidia. Anayeweza, akate tiketi moja ya safari nzima. Asiyeweza, alale Dar es Salaam.