Paneli za sola zinaweza kufidia saruji ya msingi?

Mjenzi wa Syokimau
Ninajiandaa kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Mchoraji ananihakikishia kwamba nikiweka paneli na betri, nyumba itakuwa rafiki wa mazingira. Hata hivyo, kiwanja changu kina udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo msingi peke yake utameza saruji, nondo na kokoto nyingi. Je, umeme wa paa unaweza kufidia nishati itakayokuwa imeteketea kabla sijahamia?

Mhandisi, Ruaka
Ndugu, wengi hulipita jambo hilo. Ili kutengeneza saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na katika kila kilo 100 za kalisi kaboneti, yaani madini makuu ya mawe hayo, inayoungua, kilo 44 hutoka zikiwa hewa ukaa kwa sababu ya kemia yenyewe, mbali na moshi wa makaa ya mawe yanayowasha tanuri hilo. Hata viwanda vya saruji vya Athi River vikitumia umeme safi kabisa, hewa hiyo itatoka tu.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya tayari hutokana na jotoardhi la Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na megawati 310 za upepo wa Loiyangalani. Kwa hiyo paneli zako haziwezi kuzuia moshi mwingi kama ambavyo zingezuia Afrika Kusini, ambako umeme hutegemea makaa ya mawe. Punguza zege kwanza: nyumba iliyopandishwa ghorofa moja juu, yenye msingi mdogo, huenda ikahitaji uchimbaji mchache kuliko nyumba iliyotandazwa kiwanja kizima.

Fundi Sola, Ruiru
Nakubaliana na Mhandisi kuhusu zege, ila paneli zisidharauliwe. Silikoni yake, yaani malighafi inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, huyeyushwa kwa moto mkali sana, lakini kwa jua letu paneli hurudisha nishati hiyo ndani ya miaka michache, nazo hudumu miaka 25 au zaidi. Tatizo ni betri. Zile za madini ya risasi (lead) huchoka mapema, na zikiyeyushwa ovyo huleta maafa kama yale ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako watoto walikutwa na sumu ya risasi mwilini. Nunua ndogo, ya lithiamu, itakayobeba taa, jokofu na intaneti ya jioni pekee.

Mjenzi wa Syokimau
Nawashukuru. Na matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine?

Mhandisi, Ruaka
Udongo wako mweusi haufai. Utalazimika kuleta udongo mwekundu kwa lori, kisha uchanganye na saruji kidogo. Ukipatikana karibu, utafaidika. Ukitoka mbali, dizeli itakula faida hiyo. Kwa lipu na kuta, tumia saruji yenye pozolana, yaani jivu la volkano, kwa kuwa ina klinka, yaani yale madonge yanayotoka kwenye tanuri, kidogo zaidi, nayo inauzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi.