Ile benki ya foleni imenitukana leo: "Kwani una haraka gani?"

Jina lake silitaji. Mnaijua wote, ile ya foleni mpaka barabarani na kalamu iliyofungwa kamba.

Nimetuma pesa za vitunguu kutoka Nairobi kwenda Arusha. Arusha hapo tu! Lori limeshavuka Namanga, vitunguu vimeuzwa, vimekaangwa, vimeliwa, pesa bado haijafika. Narudi kuuliza, dada wa dirishani hata macho hainui: "Kwani una haraka gani?"

Mimi! Mwenye mzigo ananipigia tangu alfajiri. Alianza na shikamoo, sasa hata hujambo hakuna.

Nikaomba karatasi ya muamala. Shilingi zangu zimegeuzwa dola, zikapitishwa New York, ndipo zirudi Arusha zigeuzwe shilingi tena. Kila zinapogeuzwa zinanyofolewa. Na EAPS, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu zetu, upo miaka zaidi ya kumi, kazi yake hasa ni kutuma shilingi bila kupitia dola! Nikamwuliza mbona hawautumii. Akarudia, kwa sauti: "Kwani una haraka gani?" Foleni nzima ikacheka.

Wazee wetu Kenya, Uganda na Tanzania walitumia shilingi moja hadi kila benki kuu ilipoanza kutoa noti zake 1966. Sisi tuliahidiwa sarafu moja 2024, ikasogezwa 2031. Halafu mwenye haraka ni mimi!

mama_lori: Pole ndugu yangu. Mimi nilikatwa na benki ya katikati, ile pesa inakopitia njiani, ambayo sijawahi hata kuisikia. Mwenzangu akapokea pungufu, akaniita mwizi.

kijiwe7: Zama hizi bado unapanga foleni benki? Tuma kwa simu, acha kulia.

Mwanzisha uzi: Pesa za lori zima zitapita kwenye simu? Kikomo cha siku unakijua? Soma tena alichoniambia: KWANI UNA HARAKA GANI. Mbele za watu!

wa_ziwani: Simu msinitajie kabisa. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 hapa Tanzania mmeisahau? Ulikuwa ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa.

masaka_boy: Nyie wa juzi. Uganda tulianza 2018, asilimia 1 ya muamala. Watu wakaingia barabarani, ikashushwa hadi 0.5.

wa_ziwani: Na ikabaki kwenye kutoa tu. Mlipata nafuu, acheni kudeka.

masaka_boy: Nafuu? Wewe ulikuwepo?

mama_lori: Kenya kila ada ya kutuma ina ushuru ndani yake na hampigi kelele, kwa sababu hamsomi ujumbe mpaka mwisho.

kijiwe7: Jamani, ATM imemeza kadi yangu sasa hivi. Mlinzi anasema nirudi Jumatatu. Nifanyeje?

masaka_boy: Usiondoke hapo. Piga simu kadi ifungwe kwanza.

kijiwe7: Nimepiga. Unapigwa muziki tu.