Lubumbashi hadi Kolwezi kwa gari la umeme lililotoka Japani: je, kulala Likasi ni lazima?

Baba wa Kampemba aliuliza:

Jambo kwenu, ndugu zangu. Ni wiki ya tatu sasa tangu nipate gari la umeme, Nissan Leaf la mwaka 2018 lenye betri ya kilowati-saa 40, ambalo lilitoka Japani, likashushwa Dar es Salaam na kuingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Hapa mjini sina malalamiko. Ninalichaji usiku kwa prizi ya ukutani, ninawapeleka watoto shuleni, ninakwenda kazini na kurudi, na habari za foleni ya esansi ninazisikia kwa wengine.

Mwezi ujao mdogo wangu wa kike anaolewa Kolwezi, nami ndiye mkubwa wa familia, kwa hiyo siwezi kufika nimechelewa wala kufika nikiwa nimevutwa kwa kamba. Tutakuwa wanne, mimi na mke wangu na watoto wawili, pamoja na mizigo ya harusi. Njia ni kilomita 300 hivi: 120 hadi Likasi, na 180 kutoka Likasi hadi Kolwezi. Betri ikijaa, dashibodi huniandikia kilomita 245, na mistari 12 ya afya ya betri bado yote inaonekana. Njiani sijui kituo chochote cha kuchaji cha watu wote, ila Likasi nina shangazi ambaye nyumba yake ina umeme.

Nilifikiri kutoka alfajiri, kuchaji kwa shangazi saa tatu au nne huku tukila, kisha kuendelea na kufika Kolwezi kabla ya giza. Mke wangu anasema tupande basi. Naomba mashauri ya wale wanaoyajua magari haya kwa kuyatumia.

Fundi Nyaya alijibu:

Ndugu, tuanze na ile 245, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Gari halijui unakokwenda. Linatazama jinsi ulivyoendesha siku zilizopita, na wewe siku hizo uliendesha mjini, polepole, ukishika breki kila njia panda na mota ikirudisha umeme kwenye betri. Barabara kuu ni jambo lingine: unasukuma hewa saa nzima bila kusimama, na upinzani wa hewa unakua haraka kuliko mwendo wenyewe. Katika gari kama lako, ukishika kilomita 80 kwa saa utatumia takriban kilowati-saa 14 au 15 kwa kila kilomita 100. Ukishika 110 utafika 20.

Mistari 12 nayo usiiamini sana. Mstari wa kwanza hauzimiki hadi betri ipoteze karibu asilimia 15 ya uwezo wake, kwa hiyo betri ya asilimia 99 na betri ya asilimia 87 zote mbili zinaonyesha mistari 12. Tafuta kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, uweke programu ya LeafSpy kwenye simu, ndipo utasoma afya halisi ya betri. Hata betri ikiwa mpya, si zile 40 zote unazoweza kuzitumia. Hesabu 37 hivi.

Sasa mpango wako wa saa nne. Prizi ya kawaida ya volti 220, kebo ikivuta ampea 10, inatoa kilowati 2.2, na sehemu yake inapotea kama joto kabla haijaingia kwenye betri. Weka 1.9. Saa nne za chakula cha shangazi zitakupa kilowati-saa saba na nusu, yaani kilomita 50 tu. Lile tundu kubwa la pili lililo mbele ya gari ni la chaji ya haraka ya CHAdeMO, na kwa prizi ya nyumbani halikusaidii kitu.

Jambo la mwisho ambalo sikulisikia kwako: kebo. Je, ni ile iliyokuja na gari? Za Japani zina plagi ya kwao, na nimeona watu wakiikata na kuunga plagi ya hapa kwa utepe. Usifanye hivyo. Waya unaopitisha ampea 10 kwa dakika kumi, kama wa pasi, ni tofauti na waya unaopitisha ampea hizo hizo kwa saa kumi huku ninyi mmelala.

Mama Harusi alijibu:

Baba wa Kampemba, mpango wako ninaufahamu vizuri kwa sababu niliujaribu mwenyewe mwaka jana, nikiwa na gari la aina hiyo hiyo na, kwa bahati ya kuchekesha, nikienda harusini vilevile.

Tulitoka Lubumbashi alfajiri, tukafika Likasi betri ikiwa karibu na nusu, tukachaji hadi adhuhuri, nikaona asilimia 70 nikasema inatosha. Baada ya Likasi tukakuta msururu wa makamio ya madini, na kila nilipoyapita nilikanyaga hadi 110 na zaidi. Nilijisifu kwamba gari lina nguvu, na kweli linazo, lakini nguvu hizo zinatoka mahali fulani. Tulipofika Fungurume nilikuwa na asilimia 20, na nusu ya njia ya kwenda Kolwezi bado ilikuwa mbele yetu. Niliingia nyumba moja ya wageni kuomba prizi. Mwenyewe alinitazama kwanza, kisha akalitazama gari, kisha akataja bei kwa dola. Tukalala hapo, nguo za sherehe zikiwa zimetundikwa dirishani, tukaingia Kolwezi kesho yake watu wakiwa wameshatoka kanisani.

Kwa hiyo usiku mmoja utaulipa tu. Ni heri uulipe kwa shangazi.

Shofere wa Zamani alijibu:

Hesabu nawaachia mafundi. Mimi barabara hiyo nimeiendesha miaka mingi kwa kamio, na nitasema ya barabara.

Gari lako lina usukani upande wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia. Ukiwa nyuma ya kamio huoni kinachokuja hadi nusu ya gari lako iko tayari katika njia ya wengine. Mama watoto aliyekaa kushoto ndiye atakayekuwa macho yako. Mkubaliane maneno kabla ya kutoka, aseme «ngoja» au «pita», asiseme «nafikiri». Na kwa kuwa Fundi amekushauri 80, basi mara nyingi huna haja ya kupita. Kaa nyuma ya kamio kwa nafasi ya kutosha, usimeze vumbi lake, na uliache likukatie upepo.

Fungua buti uangalie chini ya zulia. Mengi ya magari hayo hayana tairi la akiba, yana chupa ya dawa na pampu ndogo tu. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Tairi lililopasuka kwenye shimo haliponyi. Tafuta rimu na tairi la saizi yako hapa Lubumbashi kabla ya safari, hata kama mizigo ya harusi itabanwa. Betri iko chini ya sakafu, kwa hiyo shimo ambalo jipu linalipita kwa kelele wewe ulizunguke.

Likikufia njiani, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Magurudumu hayo yanazungusha mota, na mota ikizungushwa hivyo inaweza kuharibu vifaa vyake. Ama magurudumu ya mbele yainuliwe, ama gari zima lipakiwe juu ya kamio. Pesa ya peaji, yaani ushuru wa barabara, uwe nayo mkononi, na usisafiri usiku.

Mzee wa Katuba alijibu:

Ninyi mnaongea volti, mimi nacheka peke yangu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, na sehemu kubwa yake ni ya huko huko Kolwezi na kando ya njia hii. Betri ya Leaf hilo imetengenezwa kwa nikeli, manganizi na kobalti. Udongo ulipita barabara hii juu ya kamio, ukavuka bahari, sasa unarudi nyumbani kuomba prizi kwa shangazi. Wachina kwa upande wao wanazo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo, jambo ambalo wakubwa wetu wangepaswa kulifikiria. Samahani, endeleeni.

Baba wa Kampemba aliandika tena:

Asanteni sana, wazee na ndugu. Nimenunua kile kifaa, nacho kimesoma asilimia 88. Tairi la akiba kweli sikulikuta. Kebo yangu ni nzima, ya volti 220 na plagi ya hapa, lakini shangazi alipomwita kijana ajaribu prizi, ilionekana kwamba nyumba haina waya wa ardhi. Ni nyumba ya zamani. Je, ni lazima? Na umeme ukikatika usiku, kuna jenereta ndogo kwa jirani.

Fundi Nyaya alijibu:

Ni lazima, na wala si mimi ninayelazimisha: kebo nzuri inapima yenyewe, na isipoona ardhi inawasha taa nyekundu na kukataa kuchaji. Wako watakaokufundisha kuidanganya kwa kuunganisha waya wa ardhi na waya wa noli, ule unaorudisha umeme, ndani ya prizi. Siku noli itakapokatika nje, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme, na mtoto atakayeshika mlango akiwa pekupeku ndiye atakayejua. Mwambie fundi achimbe, azamishe nondo ya shaba katika udongo wenye unyevu, kisha avute waya hadi kwenye prizi moja tu iliyo karibu na mahali utakapoegesha. Prizi hiyo iwe na kikata umeme chake na waya wa milimita mraba 2.5 unaotoka moja kwa moja kwenye ubao wa umeme wa nyumba, usiunganishwe na jiko wala friji. Ukilazimika kutumia waya wa kurefusha, uufungue wote. Ukiachwa umeviringwa unapata joto kama blanketi. Baada ya nusu saa shika plagi kwa mkono: ikiwa vuguvugu, sawa, ikikuchoma, zima.

Jenereta ndogo nyingi zina tatizo lile lile, kwa sababu noli yake inaelea bila kufungwa na ardhi, na kebo itaikataa. Fundi anaweza kuifunga ipasavyo. Iwe na uwezo wa kVA 3 au zaidi, kwani kuvuta kilowati 2.2 usiku kucha kwa mashine ya 2.5 ni kuiua.

Sasa hesabu yako kwa asilimia 88. Una kilowati-saa 33 hivi. Kwa mwendo wa 80, utafika Likasi umetumia 17 na nusu, ubaki na 15 na nusu. Kuzirudisha zile 17 na nusu ni saa tisa za umeme mzuri. Jioni volti zikishuka hadi 180, saa tisa zinakuwa kumi na moja, kwa hiyo fika Likasi mchana, chomeka mara tu unaposhuka, usingoje kulala. Kutoka hapo hadi Kolwezi ni 26, na uongeze moja na nusu kwa sababu Kolwezi iko juu kuliko Lubumbashi kwa mita 200 hivi. Watu wanauogopa mlima, kumbe mlima unakula kidogo; mwendo ndio unaokula. Utafika na asilimia 16 au 17. Ukiona kabla ya Fungurume kwamba unatumia zaidi ya kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, punguza hadi 70 hapo hapo, usingoje taa ya onyo.

Kuhusu kujaza hadi asilimia 100, najua utauliza: jaza bila wasiwasi usiku wa kuamkia safari. Kinachoichosha betri ni kukaa siku nyingi ikiwa imejaa, hasa katika joto la mwezi wa kumi.

Baba wa Kampemba aliandika baada ya safari:

Tulikwenda na tumerudi. Waya wa ardhi ulichimbwa wiki moja kabla, na shangazi sasa anasema hata friji yake haimrushi tena akiigusa. Tulifika Likasi mchana tukiwa na asilimia 46. Usiku umeme ulikatika kwa saa mbili, na jioni chaji ilikwenda kinyonge. Sehemu kubwa iliingia baada ya usiku wa manane, majirani walipozima majiko yao. Tulitoka na asilimia 97 badala ya 100, nikaogopa kidogo, nikashika 75 nyuma ya kamio moja hadi Fungurume huku watoto wakiuliza kwa nini mabasi yote yanatupita.

Kolwezi tuliingia na asilimia 15, siku moja kabla ya harusi. Prizi ya shemeji haikuwa na waya wa ardhi vilevile, hilo sikulifikiria, na fundi aliyepatikana asubuhi ya harusi alitoza bei ya asubuhi ya harusi. Kurudi kulikuwa kwepesi zaidi: tulifika Likasi na asilimia 24. Mke wangu alisema «ngoja» mara kumi na nne, na «pita» mara tatu.